Ataanguka, Litaanguka

Mwaka nilipotoka chuoni niliamini mambo mawili kwa nguvu sawa: kwamba hakuna mtu anayepaswa kulala chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, na kwamba nomino ikipatana na kitenzi chake, taifa nalo litapatana. Imani ya kwanza niliipata kwa dereva wa chuo chetu, ambaye aliingia chini ya basi akipiga mluzi, na mluzi ukakatika katikati. Imani ya pili niliipata darasani, mahali ambapo imani za namna hiyo huota bila kumwagiwa maji.

Redio ilikuwa imetangaza kwamba Kiswahili sasa ni lugha ya taifa. Kampala iliipokea habari hiyo kama inavyoipokea mvua ya mawe, yaani kwa kuingia ndani na kufunga madirisha. Kwa wengi, Kiswahili kilikuwa lugha ya kuulizwa unatoka wapi na mtu aliyeshika bunduki. Sisi tuliokuwa tukikizungumza nyumbani kwa mapenzi, ambao babu zetu walikuja na misafara kutoka Pwani wakasahau kurudi, tulijikuta tukitazamwa kama watu waliopandishwa cheo bila kuomba. Mimi niliona fursa. Nilipangiwa shule ya kufundisha, nikahamia kwa mjomba wangu, mtaa wa Namuwongo, nikaanza kulikomboa taifa kutokea kwenye viambishi.

Mwanafunzi wangu wa kwanza hakuwa na kiti darasani. Alikuwa jirani yetu, Mkongo wa mashariki, muuza vitenge na sabuni, Mkristo wa kwenda kanisani kwa shati jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Moyo wake ulikuwa safi kuliko shati hilo, lakini ngeli zake zilinikosesha usingizi. Kwake kila kitu duniani kilikuwa mtu. Sufuria alichemka. Kiatu alipasuka. Mvua alikuja, akakaa, akaenda zake kama mgeni asiye na adabu.

"Sufuria *imechemka*," nilikuwa nikimwambia juu ya ua. "Kiatu *kimepasuka*."

"Eee, Mwalimu," alikuwa akijibu, "kama yeye amepasuka na mimi ninaenda kwa miguu, tofauti iko wapi?"

Sikukata tamaa. Kila jioni alipopita nilimsomesha ki-vi na li-ya, naye aliitikia kwa upole wa mtu anayemwacha mtoto wa jirani amsuke nywele.

Mjomba alikuwa na gari kuukuu lenye rangi ya maziwa yaliyochacha. Alilipenda kwa namna iliyomkera mke wake, Mganda mwenye ulimi mkali, ambaye alizoea kutamka, akiwa na r na l zake zilizobadilishana makazi: "Gali hiro rinapendwa kuriko mimi. Na mimi sijawahi kumwaga mafuta balabalani." Msimu ule bomba la moshi lilikuwa limekatika, na gari likaanza kulipuka. Halikulia tu, lilitoa mlio mmoja mkavu, ukafuatwa na mingine miwili, mfano kamili wa bunduki. Siku moja mjomba alikaribia kizuizi cha barabarani akitokea sokoni Nakasero, gari likalipuka, na askari wote wakalala kifudifudi kwenye mtaro. Walipoinuka na kugundua kwamba wamelazwa matopeni na muuza viungo mwenye kofia ya kufuma, hawakucheka. Mjomba alirudi nyumbani hana kofia, hana saa, na akaapa kwamba gari halitatoka tena mpaka bomba lifungwe. Vipuri havikuwepo mjini. Tungelivika bomba kipande cha kopo la mafuta ya kupikia, tukalikaza kwa waya, na kazi hiyo haifanyiki ila mtu awe chali chini ya gari.

Ikawa Jumapili mchana. Jirani alikuja moja kwa moja kutoka kanisani, akakunja mikono ya shati lake jeupe. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na udongo wa Namuwongo, hata siku ya kiangazi, hauna msimamo wa kisiasa. Ukiukanyaga unakubali, ukiondoka unasahau. Nikaweka ubao mpana chini ya jeki ili isizame. Nikahakikisha breki ya mkono imevutwa na gia imeingizwa, nikazibana tairi za mbele kwa mawe makubwa. Mjomba alinitazama kama anavyotazamwa mtu anayetawadha mara ya pili kwa kutoamini ya kwanza.

"Mpwa wangu, gari hili nimelilalia chini kabla hujazaliwa."

"Na ndiyo maana nimekukuta hai, mjomba, kwa bahati. Bahati si kifaa. Jeki ni ya kuinulia. Ya kushikilia ni kitu kingine."

"Kitu gani?"

Kitu hicho kilikuwa tatizo la maadili. Kando ya reli kulikuwa na rundo la mataruma, zile mbao nene ambazo reli hulalia, yaliyong'olewa na kuachwa. Nusu ya majiko ya Namuwongo yalikuwa yamekalia mataruma, na mjomba naye alikuwa na vipande kadhaa nyuma ya choo. Nilimwambia wazi kwamba ni mali ya umma. Nilitoa hotuba. Mke wa mjomba, aliyekuwa akileta chai, aliisikiliza hadi mwisho, akaweka birika chini.

"Mwarimu," akasema, "selikari hiyo imechukua duka ra huyu, ra yure, na kofia ya mume wangu. Acha imbebe siku moja tu."

Niliyabeba mataruma mwenyewe. Tukainua upande wa nyuma kwa jeki, tukayapanga mawili mawili kwa kupishana, kama watoto wanavyojenga nyumba ya vijiti, moja kwa moja chini ya chesisi, mahali penye chuma kizito, si penye bati. Ilibaki nafasi nyembamba ya kupitisha vidole kati ya taruma la juu na chuma. Kilichotakiwa sasa ni kulishusha gari polepole hadi liyakalie mataruma, kisha kulitikisa, kisha ndipo mtu aingie. Nilikuwa nikiyaeleza hayo kwa utaratibu, nikiwa nimefika kwenye "kisha" ya kwanza, nilipogundua kwamba mjomba amekwisha kuingia. Miguu yake tu ndiyo ilikuwa nje, na koleo likilia ndani.

"Mjomba, toka! Bado halijakaa!"

"Nipe waya."

Jirani alishika kichwa. Hofu ilipompata, Kiswahili chake chote cha Kongo kilipanda juu. "Mungu wangu! Hajji, toka! Huyu ni mubaya, hana nguvu ya kusimama! Ataanguka!" Alimwita mjomba Hajji kwa heshima, ingawa mjomba hakuwahi kufika mbali kuliko Mombasa.

"Litaanguka," nikamsahihisha, kwa mazoea.

"Ataanguka leo leo! Mguu wake umeoza! Ukimusukuma kidogo tu, yeye chini! Na sisi hatuna mutu wa kumushika!"

Hapa inanibidi nieleze kilichokuwa upande wa pili wa ua wetu wa matete. Kilikuwa ni kilabu cha mama mmoja muuza waragi, pombe kali ya kienyeji, na kila Jumapili kilikaliwa na sajini mmoja wa jeshi, mwili wake mkubwa umeketi kwenye benchi, na bastola yake imeketi kando yake kama mke wa pili. Tulimjua kwa sauti. Kama jirani angepiga kelele kwa Kiganda, sajini angeendelea kunywa. Ila alizipiga kwa lugha ambayo bunduki inaielewa. Katika mji ule, mwaka ule, palikuwa na mtu mmoja tu, aliyekalia kiti cha nchi, ambaye ukisema "ataanguka", bila kutaja jina, kila mwenye masikio alijua ni nani.

Kelele za benchi zilinyamaza. Kisha ua ukafunguka, na sajini akaingia kwetu kiubavu, bastola mkononi, macho mekundu lakini miguu thabiti. Nilitupa jicho chini ya gari. Miguu ya mjomba ilikuwa imeingia ndani, taratibu, kama ya kobe.

"Nani ataanguka?" akauliza sajini.

Birika lilikuwa likitoa mvuke.

"Nimeuliza. Mguu ya nani imeoza? Nani atasukumwa?"

"Ni gari, afande," nikasema.

"Gari ni mtu?"

Lilikuwa swali zuri, na laiti lingeulizwa darasani ningelipatia alama zote. Nikajikusanya. "Afande, jirani yetu huyu alimaanisha gari. Tatizo lake ni kwamba hana ngeli."

"Hana nini?"

"Ngeli."

"Hiyo ni silaha?"

"Ni utaratibu wa maneno, afande. Kwake kila kitu ni a-. Hata ndoo. Hata kigoda. Ukimwuliza habari ya kitu chochote, atakuambia kama anayezungumzia mtu. Tafadhali, mjaribu."

Sajini aliupenda ule mtihani. Nadhani hakuwahi kupewa nafasi ya kuwa mtahini. Alimwelekeza jirani yangu bastola kifuani, kwenye lile shati jeupe, kisha akaielekeza kwenye ndoo ya mke wa mjomba iliyokuwa ikivuja chini ya mgomba.

"Huyu ndoo amefanya nini?"

Jirani alinitazama. Niliona machoni mwake jioni zetu zote za juu ya ua zikimpitia, moja baada ya nyingine, na nikaelewa jambo la kutisha: mtu akiwa karibu kufa hujaribu kuwa mwema.

"Ndoo," akasema polepole, "*imetoboka*."

"Na hiki?" Sajini alikipiga teke kigoda kilichovunjika mguu.

"Kigoda *kimevunjika*."

"Na ile?"

"Migomba *imelala*, afande. Kwa sababu ya upepo."

Hata ki-vi hakuwa amewahi kuipata, na sasa alikuwa akipita katikati ya ngeli kama treni katikati ya stesheni ndogo. Ninakiri kwamba aliposema "kimevunjika", sehemu fulani ya moyo wangu iliruka kwa furaha. Mwalimu ni mwalimu. Sehemu iliyobaki ilikuwa tayari ikitafuta maneno ya kumwambia mke wa jirani.

"Hee," akasema sajini. "Mwalimu, huyu anasema vizuri kuliko redio. Kwa hiyo anajua kitu na anajua mtu. Na aliposema ataanguka, alisema mtu."

Akalizunguka gari hadi nyuma, akaligonga buti kwa kitako cha bastola. Lazima niseme kwamba miaka ile neno hilo, buti, lilikuwa limepata maana nyingine Kampala. Watu waliingizwa humo mchana kweupe, mbele ya maduka, na kilichofuata ni kimya, na jamaa zao kutafuta misituni.

"Fungua. Huyu aingie. Utaendesha wewe, mwalimu."

"Afande, gari haliwezi kwenda. Limeinuliwa."

"Mshushe, aende."

Nilimsikia akisema "mshushe", lakini sikuwa na nafasi ya kutafakari, kwa sababu alikuwa amegeuka na kulikalia buti, mzigo wake wote, mguu mmoja ukining'inia, akimsubiri jirani yangu asogee. Na nikaiona jeki. Ubao ulikuwa umeanza kuzama upande mmoja. Jeki, ambayo nilikuwa nimeisimamisha wima kama alifu, sasa iliinama, kidogo, kisha kidogo tena. Chini ya gari alikuwa mjomba, amejibana kimya. Nikimtaja, nitakuwa nimemtoa mtu aliyejificha kwa sajini anayetafuta watu waliojificha. Nisipomtaja, kilichobaki ni ile nafasi ya vidole na mataruma ya serikali.

"Afande," nikasema, kwa heshima yote niliyofundishwa, "tafadhali shuka. Litaanguka."

"Nani?"

"Litaanguka, afande!"

"Lita nani? Hilo ni jina la siri?"

Hapo ndipo nilipotambua kwamba usanifu wangu wote haukuwa na uwezo wa kumshusha mtu mmoja kutoka kwenye buti. Nikafungua kinywa kusema kwa namna ambayo angeielewa, na jeki haikungoja. Ilitoa mlio kama wa jino linalong'olewa, ikaruka kando, na gari lote likashuka kwa kishindo.

Lilishuka upana wa vidole, likayakuta mataruma, likakaa. Sajini hakukaa. Aliteleza kwenye bati lililolowa, akaanguka chali matopeni, na kofia yake ikatangulia.

"Ameanguka!" jirani yangu akapiga yowe, ngeli zote zikiwa zimemtoka kwa pamoja. "Ameanguka! Mungu wangu, ameanguka juu ya Hajji!"

"Ameanguka!" sajini naye akanguruma kutoka matopeni, akilitumbulia macho lile gari. "Wee! Ameanguka kabisa!"

Kutoka chini ya gari ikatoka sauti ya mjomba, nzito, ya mtu aliyeamshwa usingizini. "Lahaula! Nani kaniangushia gari? Kutu yote imeniingia machoni!" Miguu yake ikajitokeza, kisha tumbo, kisha uso mweusi kwa masizi. Mke wake, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, alikaa chini palepale kwenye kizingiti, akaanza kumtukana kwa Kiganda kwa utulivu na kwa mapenzi makubwa.

"Umesikia, afande?" nikasema haraka. "Amesema ameanguka. Na kilichoanguka ni gari. Hivyo ndivyo anavyosema."

Sajini alifungua kinywa ajibu, lakini juu ya ua wa matete palikuwa pamechomoza kichwa cha mama muuza waragi, na nyuma yake vichwa vya wateja, glasi mikononi, macho yakimetameta kwa woga na kwa kitu kingine ambacho hakikuthubutu kujiita tumaini.

"Afande!" akaita yule mama. "Nimesikia sauti yako. Umesema ameanguka kabisa! Ni kweli? Redio imetangaza? Nani amekamata?"

Sijawahi kuona pombe ikimtoka mtu upesi namna ile. Sajini alitazama vichwa vile kimoja kimoja, na nilijua anachofikiri, kwa sababu ndicho nilichokuwa nikifikiri mimi dakika iliyotangulia kuhusu jirani yangu. Sauti ilikuwa yake. Mashahidi walikuwa wengi, na walevi, na angalau mmoja kati yao angekuwa akipeleka habari mahali. Katika jeshi lile hata sajini alikuwa na buti lake lililokuwa likimngoja.

Alinyanyuka, akaipangusa suruali, akaninong'oneza bila kunitazama.

"Mwalimu. Waambie nilisema nini."

Nikageukia ua. Sikuwahi kuwa na darasa lenye usikivu kama lile. "Afande amesema *limeanguka*," nikatangaza. "Gari. Gari limeanguka kutoka kwenye jeki. Li-, kwa kuwa ni gari. Angekuwa ni mtu, angesema *ameanguka*. Hakusema hivyo."

"Hakusema?" akauliza mama muuza waragi, na huzuni ikamwingia sautini kabla hajaizuia.

"Nilisema limeanguka," akasema sajini kwa nguvu. "Li. Sasa rudini mkanywe." Kisha, kwa sauti ya chini, kwangu mimi: "Na yule Mkongo?"

"Na yeye alisema limeanguka, afande. Sote tumesikia."

Alimtazama jirani yangu, ambaye alikuwa amesimama na mikono juu tangu zamani bila mtu kumwambia aiinue, shati lake jeupe limetapakaa tope. Alilitazama buti. Akatazama mataruma, akayatambua bila shaka, kwa kuwa jiko la kilabu lilikuwa juu ya mengine kama hayo. Akaokota kofia yake.

"Basi. Alisema li," akasema, akarudi kwake kwa njia ileile ya kiubavu.

Jirani alishusha mikono. Alikwenda hadi kwenye gari, akainama, akatia vidole kati ya chuma na taruma la juu. Havikuingia. Akakaa juu ya kigoda kilichovunjika mguu, naye akaanguka nacho, na hakuna aliyecheka ila yeye, alicheka mpaka machozi yakamtoka na hatukujua tena ni kicheko au ni nini. Mke wa mjomba alimletea chai, akaitia sukari yote iliyokuwamo nyumbani.

Mjomba alijifuta uso. Kazi haikuwa imekwisha; waya ulikuwa umefungwa upande mmoja tu, na ubao wa jeki ulihitaji kuhamishiwa penye udongo mgumu. Alilitikisa gari kwa mikono miwili juu ya mataruma yake. Halikutikisika.

"Haya," akasema, mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kukosea ngeli, "mwinueni tena."

Tukaganda sote, tukautazama ua.

Kisha, kutoka upande wa pili wa matete, ikaja sauti ya sajini, nzito, yenye uangalifu, kama ya mtoto anayesoma ubaoni.

"*Li*inueni!"

Tukaliinua.